Kukopa Harusi, Kulipa Matanga

Dola tano na senti thelathini. Mwaka 2002 wanauchumi watatu, Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch, walipiga hesabu kujua kaya ya kawaida ya mkulima wa korosho nchini Msumbiji ilikuwa ikifaidika kwa kiasi gani kila mwaka baada ya serikali yake kufungua biashara ya zao hilo kama wakopeshaji walivyotaka. Wakapata hicho. Upande wa pili wa daftari ilikuwapo sekta iliyokuwa imeajiri watu wapatao 10,000, na kufikia mwaka 2001 watu tisa katika kila kumi kati yao hawakuwa na kazi.

Daftari la namna hiyo lina safu mbili tu, kilichoingia na kilichotoka, na mtu akishajumlisha anaweza kulifunga akaenda kula. Mimi limenishinda kulifunga. Natoka kusini mwa Tanzania, upande huu wa Mto Ruvuma, ambako mkorosho ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni mahari na ni sanda. Ng'ambo wapo Wamakonde wenzetu, na mikorosho ileile ambayo mbegu yake Wareno waliitoa Brazil karne kadhaa zilizopita. Yaliyowapata wao miaka ya 1990 yalitupata na sisi, kwa njia nyingine lakini mkopeshaji akiwa yuleyule, na pande zote mbili sijaona mtu aliyeketi kitako akatamka kwamba hapa tumefiwa.

Aliyezoea kula korosho tu hawezi kujua kilichokufa. Korosho ghafi ina ganda gumu, na ndani ya ganda hilo mna mafuta meusi yanayochoma ngozi mpaka ikachubuka. Kwanza hukaangwa au hupigwa mvuke ili ganda lilegee. Kisha mbanguaji, mikono ameipaka majivu au mafuta ya kula, huigonga mahali pake: akizidisha nguvu punje inavunjika, akipunguza ganda linabaki limeshika. Punje ikishakauka huja kazi ya kuimenya ngozi yake nyembamba ya kahawia kwa kisu kidogo au kwa kucha, halafu kuchambua: nzima nyeupe huku, zilizoungua huku, nusu huku, vipande huku. Daraja linalotafutwa sana sokoni, W320, maana yake ni kwamba ratili moja inaingia punje nzima zipatazo 320. Nzima na kipande vimetoka mti mmoja, lakini bei zake ni mbingu na ardhi, na tofauti hiyo imo vidoleni mwa mwanamke aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Hata penye mashine za kupasulia, kumenya na kuchambua kulibaki kazi ya mikono, na mikono hiyo ilikuwa ya akina mama.

Kiwanda kikifungwa, mashine inauzwa chuma chakavu. Bati linaezuliwa. Vidole vile haviuziki popote. Vinarudi nyumbani kupepeta mahindi, na mwenye navyo akifa, mjukuu wake haanzi pale bibi alipoishia, anaanza mwanzo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji ilikuwa mbele ya dunia nzima kwa korosho, ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Baada ya uhuru wa 1975 serikali ya FRELIMO ilipiga marufuku kusafirisha korosho ghafi, ili zibanguliwe nchini. Uamuzi huo ulikuwa na sababu, maana Mreno alikuwa amezoea kuzipakia melini zikabanguliwe India. Lakini wenye maduka ya vijijini, waliokuwa wakinunua korosho kwa mkulima na kumuuzia chumvi na kitambaa, walikuwa wameshakimbia. Vikaja vita, na vita vile havikuacha barabara wala mti. Mavuno yakaporomoka. Mwaka 1984 nchi ikajiunga na Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, mwaka 1987 ikaanza mpango wa kufufua uchumi, na mkataba wa amani uliposainiwa Roma tarehe 4 Oktoba 1992, Msumbiji ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kuliko zote duniani na ilikula kwa mkono wa wafadhili. Mtu wa hali hiyo hajadiliani na mkopeshaji, anasikiliza.

Alichosikia ni kwamba viwanda vya serikali viuzwe. Vikauzwa, katikati ya miaka ya 1990, wengi wa wanunuzi wakiwa wafanyabiashara wa nyumbani walioamini kwamba serikali ingeendelea kuvikinga kwa kutoza ushuru kwenye korosho ghafi zinazotoka. Wino haujakauka vizuri, mwaka 1995 likaja sharti jingine: ushuru huo ushushwe hatua kwa hatua. Ukawa asilimia 20, ukawa 14, na safari ilikuwa kuelekea sifuri. Wenye viwanda walikuwa wameshatoa fedha zao. Nani anakarabati mtambo wakati hajui kama msimu ujao atapata mali ghafi ya kuulisha?

Hoja ya Benki haikuwa ya kipuuzi, na haki yake lazima itolewe. Ilisema viwanda vile vilikuwa vya kizamani, vinavunja punje nyingi mno, na kwamba Msumbiji ingepata fedha nyingi zaidi kwa kuuza korosho na maganda yake kuliko kuzibangua vibaya. Ilisema pia kwamba ushuru ule ulikuwa unambana mkulima maskini wa kijijini ili kumbeba mfanyakazi wa mjini, na wakulima ni wengi kuliko wafanyakazi. Ukiisoma mezani hoja hiyo huoni pa kuitoboa.

Ilitobokea shambani. Mkulima wa Nampula ana miti yake michache nyuma ya nyumba, hana gari, hana ghala, hana habari ya bei ya bandarini. Mnunuzi anayemfikia ni mmoja, pengine wawili, na wanajuana. Bei ya ghafi ilipopanda, nyongeza ikaishia kwa wanaonunua na kusafirisha. Na kule zilikokwenda mnunuzi mkubwa alikuwa India peke yake, kwa hiyo Msumbiji ilifunga viwanda vyake ili ishindane mbele ya mteja asiye na mpinzani. Mambo hayo hayakuwa siri. Mchuuzi yeyote wa gulioni angeyaeleza kama angeulizwa.

Wapo waliojaribu kuyasema bila kuulizwa. Chama cha wafanyakazi wa korosho na wenye viwanda walisimama upande mmoja, jambo lisilotokea kila siku. Mwandishi Carlos Cardoso aliliandika suala hilo bila kuchoka katika gazeti lake dogo la Metical, lililokuwa likisambazwa kwa faksi. Mwaka 1997 rais wa Benki ya Dunia, James Wolfensohn, alifika Maputo, akaelezwa, na ukafanyika uchunguzi wa wataalamu wa nje ambao matokeo yake hayakuuunga mkono ushauri wa Benki. Mwaka 1999 Bunge la Msumbiji likapitisha sheria ya kuurudisha ushuru kati ya asilimia 18 na 22, na mwishowe wakopeshaji wakaacha kupinga. Lakini kiwanda hakisubiri kikao. Wakati sheria inapita, mengi ya mageti yalikuwa yameshafungwa kwa kufuli. Cardoso mwenyewe aliuawa kwa risasi jijini Maputo tarehe 22 Novemba 2000, akiwa anafuatilia wizi mkubwa katika benki iliyokuwa imebinafsishwa.

Huku kwetu msiba ulikuja kwa mlango wa nyuma. Msumbiji mkopeshaji alidai viwanda viachwe wazi kwa upepo wa soko. Tanzania aliviingiza yeye kwa mkopo. Katika miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilitukopesha kujenga viwanda vya korosho, na pamoja na vile vilivyotangulia tukafikisha 12 au zaidi: Mtwara, Lindi, Newala, Masasi, Nachingwea, vingine Pwani na Dar es Salaam, vyenye mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani. Msimu wa 1973/74 tulivuna tani 145,000. Anayeazima kwa kutazama mavuno hayo haonekani mjinga.

Hapo ndipo tulipojikata wenyewe, na sitamsingizia mgeni. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, na mkorosho usiopaliliwa unamezwa na pori na moto. Vyama vya ushirika vikafutwa mwaka 1976. Bei aliyolipwa mkulima ikawa ya kumkatisha tamaa. Ukaongezeka ugonjwa wa ubwiriunga, unaokausha maua kabla hayajashika, na dawa yake, salfa, ilihitaji fedha za kigeni ambazo hazikuwapo. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vilikamilika, vikang'aa, vikakosa cha kubangua. Vipo ambavyo uhai wake kama viwanda ulikuwa mfupi kuliko muda wa kulipa mkopo uliovijenga.

Ndiyo maana kuomboleza kwetu kuna aibu ndani yake. Ukimlilia marehemu, anatokea mtu anakukumbusha kwamba marehemu alikuwa mgonjwa tangu kuzaliwa. Ni kweli. Na wanaotamani kurudi kwenye foleni ya sukari, kwenye sabuni ya mgao, kwenye ugali wa yanga wa mahindi ya msaada, siwajui. Mwaka 1979 mazungumzo na Shirika la Fedha yalikwama. Edwin Mtei, Waziri wa Fedha aliyeona hatuna njia ila kukubaliana nao, akajiuzulu mwaka huohuo. Muda mfupi baadaye, katika salamu za mwaka mpya wa 1980, Mwalimu Nyerere aliwauliza mabalozi ni lini shirika hilo lilifanywa wizara ya fedha ya dunia nzima. Swali lilikuwa zuri na hazina ilikuwa tupu. Mwaka 1986, Mzee Mwinyi akiwa Ikulu, tukasaini. Shilingi iliyokuwa 17 kwa dola ikashushwa hadi 40, na muongo ulipokwisha ilikuwa imekaribia 200. Maduka yakajaa, mishahara ikawa haifiki katikati ya mwezi. Korosho yenyewe ilinufaika: wanunuzi binafsi waliporuhusiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na salfa ikaanza kupatikana, watu walirudi kusafisha mashamba, mavuno yakapanda tena.

Viwanda ndivyo havikufufuka. Vikauzwa, na wanunuzi kadhaa wakaona kuta nene na paa refu ni ghala zuri. Humo zikawekwa korosho ghafi zikisubiri meli. Mtu aliyewahi kufanya kazi ya kumenya na kuchambua ndani ya ukumbi ule anaweza leo kupita nje akaona magunia yanaingia upande mmoja na kutokea upande mwingine, yakiwa yamefungwa vilevile.

Wazee wetu walijua kwamba matanga yana kuyaweka na yana kuyaanua. Kuna siku mkeka unakunjwa, madeni ya marehemu yanatajwa hadharani, anayemdai anasimama, kisha maisha yanaendelea. Msiba wa viwanda hivi umekosa siku hiyo. Maiti haikuzikwa, imesimama kando ya barabara na namba ya ploti. Na madeni ya marehemu yalitajwa mbali, kwenye vikao ambavyo ndugu zake hawakualikwa.

Maana deni lilisamehewa. Mwaka 2001 Tanzania na Msumbiji zote zilifikia hatua ya kupunguziwa madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, na mwaka 2006 yakafutwa mengine. Sibezi. Ada ya shule ya msingi iliondolewa huku kwetu katika kipindi hichohicho, madarasa yakajaa pomoni, na bila shaka wamo humo wajukuu wa wabanguaji. Lakini tazama msamaha huo ulikuwa kati ya nani na nani. Aliyesamehe ni benki, aliyesamehewa ni serikali. Mama wa Nampula na mwenzake wa Newala hawakuwa wameomba kitu kwa yeyote kati ya hao wawili, na ndio waliolipa kwanza. Daktari akitoa dawa isiyo yake, kuna mahali pa kumshitaki. Mshauri wa uchumi akikosea, anaandikiwa safari ya kwenda kushauri nchi nyingine, na kosa lake linabaki kuwa somo lililopatikana. Katika lugha ya ripoti, hata kaburi ni somo.

Kuna jambo jingine ambalo huwa linanirudia nikifikiria mwaka 1986. Mwaka huohuo Vietnam nayo ilianza mageuzi yake, Doi Moi, ikitoka kwenye ujamaa kama sisi, ikiwa maskini kama sisi, na vita vyake vikiwa vikubwa kuliko vyetu. Kwa kuwa ilikuwa imesusiwa, mikopo ya Shirika la Fedha na Benki ya Dunia haikuifikia mpaka mwaka 1993. Ilipanga yenyewe kipi kianze na kipi kingoje. Katikati ya miaka ya 2000 iliipita India kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa. Sidai kwamba kususiwa ni neema. Hakuna mzazi wa Hanoi wa miaka ile angekubali kauli hiyo. Nasema tu kwamba sehemu kubwa ya magunia yanayotoka Mtwara leo yanakwenda huko, na Afrika ndiyo inayovilisha viwanda ambavyo Vietnam ilijipa muda wa kuvijenga. Hicho ndicho ninachokililia kuliko mitambo ya Kiitaliano: muda wa kujaribu, kukosea kwa gharama yetu na kujirekebisha kabla hatujakatazwa. Haukuwekwa katika safu yoyote ya daftari.

Msomaji wa kusini atakuwa ameshaifikiria kangomba. Ni mwezi wa saba au wa nane, akiba imekwisha, mtoto anadaiwa shuleni au yuko hospitali, na korosho bado ziko kwenye maua. Anatokea mtu na fedha taslimu, ananunua mavuno ambayo hayajaanguka, kwa kipimo kisicho rasmi kinachobeba zaidi ya kilo, kwa bei anayoipanga yeye. Serikali zetu zimeipiga vita kangomba kwa miaka. Mwaka 2018, bei ya mnada ilipodorora, Rais Magufuli aliamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaleta malori, na waliokuja kudai malipo bila kuonyesha mashamba wakashukiwa kuwa walanguzi wa kangomba wakanyimwa. Mkulima akihojiwa kwa nini aliuza maua, huambiwa hana nidhamu ya fedha. Maneno hayohayo waziri wa nchi maskini huambiwa akienda Washington, na kwa sauti ya upole kuliko hiyo.

Msimu wa 2017/18 tulivuna zaidi ya tani 300,000, rekodi ya wakati huo ambayo wazee wa 1973 wasingeiamini. Sehemu kubwa sana ilisafirishwa ikiwa na maganda yake. Mikopo mipya inaendelea kusainiwa, mingine ya reli, mingine ya umeme, mingine ya kilimo, na sina ugomvi na kukopa. Nchi isiyokopa haijengi. Ninachowaomba wabunge wetu, hasa wa Mtwara, Lindi na Ruvuma, ni kidogo: masharti ya kila mkopo unaogusa zao yasomwe kwa Kiswahili, sharti kwa sharti, kwenye mikutano ya vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, AMCOS, kabla ya sahihi, na aliyeyashauri ajulikane kwa jina na kwa ofisi. Msidhani ni jambo lisilowezekana kubishana na mkopeshaji. Viwanda vidogo vya kubangua vilivyoanza upya Nampula baada ya mwaka 2001, na kuwarudishia kazi maelfu ya akina mama, vilianza chini ya ulinzi wa ushuru uleule ambao Bunge la Msumbiji liliupitisha huku likiambiwa lisiupitishe.